Pamba ya Chupani

Basi lilipotoka hospitali, fundi cherehani na mzee mwashi walikaa mbele yangu. Walikuwa wamejuana asubuhi hiyo tu, kwenye benchi la kliniki ya virusi vya UKIMWI, na tayari walikuwa wanagombana kwa kunong'ona.

"Vidonge vya kushusha mafuta ya damu havina aibu, baba," alisema fundi. "Ndiyo maana vya virusi nimevichanganya humo humo, chupa moja. Nyumbani anayejua ni mume wangu tu."

"Mafuta, na wewe mwembamba kama sindano yako?"

"Wifi kaamini. Naye ana mafuta. Vyake vimekwisha, sasa anachota kwangu."

Mzee aligeuka mzima mzima. "Anachota vipi?"

"Chochote kitakachotangulia mkononi."

"Mwanangu, mwambie leo hii!"

"Mtaa mzima utajua kabla chai haijapoa. Afadhali niache vya virusi, nibaki na vya mafuta. Si daktari aliyenipa kasema vinatusaidia hata sisi wenye virusi?"

"Kasema vinalinda moyo. Iwapo vinainua na kinga ya mwili, bado wanachunguza. Ukiacha vile vingine, utakayeinuliwa ni wewe, na jeneza lako."

Hakuna aliyecheka. Fundi aliibana chupa mapajani. Alikuwa ameishindilia pamba ili vidonge visilie. Marehemu dada yangu naye alifanya hivyo. Tuliiona pamba yake tulipokuwa tunakusanya nguo zake baada ya maziko.

Basi liliposimama kituoni kwake, fundi aliivuta ile pamba, akamwachia mzee kiganjani. Akashuka bila kuaga, na vidonge vikawa vinalia kila alipokanyaga.