Msichana wa Bwawani Hakufanyiwa Kilio

Benchi la mtaa wa Dilala ni ubao mmoja uliowekwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi. Anayekaa hapo hunywa kahawa na vumbi kwa bei moja. Jioni hiyo katikati alikaa Lukusa, dereva mstaafu aitwaye Kilometa, kwa kuwa hakuna mji asiodai kuwa alilala humo: Ndola, Harare, Durban, na mingine ambayo ramani yenyewe haijaifikia. Mapajani alikuwa na riwaya ya Kifaransa aliyomnyang'anya binti yake Falonne, eti ni kitabu cha giza kisichofaa mtoto. Tangu hapo alikuwa akikisoma mwenyewe mpaka chakula kinapoa. Kitabu kilikuwa cha rafiki wa Falonne, Myriam, aliyekitaka jioni hiyo hiyo, na Falonne alikuwa bado hajafika mwisho. Lukusa akaona kijiwe kiamue kama binti apewe amalize.

— Bon, famille iko tajiri kabisa, alieleza. Nyumba kubwa, pembeni ya bwawa. Mutoto mwanamuke anapotea. Bazazi banasema alienda kusoma inje. Jina yake hakuna anaitaja tena.

— Ni baba mudogo, alikata Polycarpe, aitwaye Avoka, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi wa baiskeli. Anataka parcelle, kiwanja yao. Haba na haba hujaza kibaba: leo mutoto, kesho mama yake.

— Methali ile ni ya akiba, Avoka, alisema Lukusa.

— Na parcelle haiko akiba?

Dodo, mchimbaji wa zamani, alicheka mpaka kikombe kikamwagika.

— Bantu ya bure! Chini ya salon, sebule yao, iko kobalti. Banachimba shimo ndani ya nyumba, mutoto anatumbukia, famille inanyamaza juu Leta, serikali, isibafukuze.

— Dodo, nyumba iko Ulaya, alisema Lukusa.

— Nani alikuambia Ulaya habachimbe mu salon? Angalia, hakuna tapis mule? Tapis ya nini, kama chini hakuna kitu?

Lukusa alifunua kurasa amkomeshe. Kwa bahati mbaya, zulia lilikuwapo, tena kubwa.

Mama Ernestine, mwenye kahawa, alikuwa akisikiliza huku anaosha vikombe.

— Mi sijue kobalti. Kilio ilikuwa wapi? Nani alipika? Bantu bakubwa vile, mutoto anapotea, hata turubali moja habatandike?

— Voilà! Avoka alisimama. Hukumu! Famille yenye haililie mutu yake, njo ilimupoteza. Kesi imeisha.

— Doucement, polepole, tata, alisema Lukusa. Bantu banasafiri. Yaya yangu Yolande, dada yangu mukubwa, miaka yote hii iko Durban. Tulifanyaka kilio?

Kahawa ilinyweka kwa sauti.

— Bonsoir ba tata. Bonsoir mama.

Falonne alikuwa nyuma yao, bado na sare ya shule.

— Papa, naomba kitabu. Myriam anangojea.

— Ngoja, tunahukumu. Kitabu hii inafundisha batoto kuuliza-uliza mambo ya famille.

— Ndiyo, papa. Akasogea mbele ya benchi. Papa, we ulifikaka Durban mara mingi. Tanti Yolande, ulimuonaka?

Lukusa alifungua mdomo. Ni mdomo uliowahi kuvuka mipaka na lori lisilo na breki, maofisa wa forodha wakicheka tu. Akilini aliipita Durban yote aliyowasimulia: bandari, foleni ya malori, yule mama wa samaki aliyetaka kumwoa yeye. Dada yake hakuwamo hata katika mtaa mmoja.

— Avoka? alisema.

Avoka alichungulia kikombe chake. Dodo akafuata kwa macho pikipiki ya teksi mpaka ikapotea kwenye kona.

Mama Ernestine aliinamisha chupa. Yakatoka matone, kisha hewa.

— Kahawa imeisha.

Hakuna aliyeinuka. Lukusa alisogea kumpa nafasi, ubao ukalia, akamwekea binti yake kitabu mkononi.

— Ikala apa, mama. Soma kwa nguvu. Tuone bazazi bale balijibu nini.