Kinanda Nilichompimia Binti Yangu

Wapendwa wa jumuiya, nimeombwa niseme tulivyotoka kwenye ile shida ya nyumbani kwangu. Nitasema, ila mnivumilie, kwa sababu mambo yale sikuyaelewa yalipokuwa yanatokea, na mengine mpaka leo sijayaelewa.

Mnakumbuka binti yangu alivyorudi. Alikuwa kiwandani kule Moshi mjini. Kiwanda kikauzwa, wengi wakaambiwa waende kwao. Akapanda huku Uru na begi moja, akakaa. Hasemi. Ukimwuliza umekula, anaitikia kwa kichwa. Mama yake akimwita kwenye kahawa anakwenda, anachuma, anarudi kimya. Ndugu zangu, nawaambia, afadhali mtu alie. Mtu akinyamaza vile ndani ya nyumba, hata ng'ombe unaona anakutazama vibaya.

Kitu kimoja kilimwamsha, kinanda cha kanisani. Alikigusa baada ya misa, mwalimu wa kwaya akamwelekeza kidogo, kisha akanivuta pembeni.

"Mzee, huyu ana sikio. Mtafutie kinanda cha bei nafuu ajifunzie nyumbani. Ila vibao vyake vya kubonyeza visiwe vidogo, viwe sawa na hivi vya kwetu."

"Nitajuaje?"

"Pima hapa, do mpaka do ya juu."

Sasa sisi huku tunapimia nini? Ganda la mgomba. Mlango tunapimia hilo, hata jeneza. Nikakata ganda kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani, nikalilaza juu ya vile vibao, nikalipunguza upana mpaka likaenea sawasawa. Nikalitundika juu ya jiko lisioze, nikangoja malipo ya kahawa. Malipo yenyewe mnayajua yanavyokuja. Hapo katikati mbuzi wangu alizaa mapacha, lakini hiyo tuiache.

Nikashuka mjini peke yangu, nilitaka iwe zawadi. Zamani zile za foleni ya sabuni, dukani ungekuta kinanda kimoja, au hukuti kabisa. Sasa vilikuwa vimepangwa mpaka juu, kila kimoja na kelele zake.

"Mzee unataka chenye midundo?" mwenye duka akauliza. "Hiki kina taa. Hiki kinajipiga chenyewe."

"Kikijipiga chenyewe, binti yangu atafanya nini?"

"Atakiangalia, mzee."

Kichwa kikaniuma. Nikatoa ganda langu, nikaanza kupima. Kile kikubwa kilichotumika, kisicho na mbwembwe, ganda halikufika. Kidogo cha betri likaenea barabara. Mwenye duka akaniambia kile ni cha watoto. Nikamwona mwongo, anataka kuniuzia cha bei kubwa. Nikachukua kidogo.

Binti akakipenda. Akapiga nyimbo za misa mpaka mama yake akaacha kumenya ndizi. Akaanza na kusema maneno mawili matatu.

Basi Jumapili akaitwa apige kanisani. Vidole vikaanguka siko. Anatafuta do, anakanyaga ti. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Anapiga kinanda au anafukuza kuku?" Watu wakacheka. Binti akafunika kinanda akatoka.

Nikachanganyikiwa. Nyumbani anapiga vizuri, kanisani anaharibu. Mke wangu akasema ni macho ya watu yanamtisha. Jirani akasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikasema labda kinanda cha kanisani kimezeeka. Na yeye kimya kikarudi, kibaya kuliko cha kwanza. Chakula akawa anakigeuza tu.

Mwalimu wa kwaya akaja kumwona. Tukampa mbege, pombe yetu ya ndizi, akaweka mkono juu ya kile kinanda, akakunja uso.

"Mzee, vidole vyangu vinabanana hapa. Ulipima kweli?"

Nikaleta ganda. Akalishika, likavunjika ncha. "Ulilikata likiwa bichi?"

Ndugu zangu, nimekausha maganda ya kufungia mizigo tangu sijaoa. Najua ganda linavyosinyaa likikauka. Sijui siku ile akili ilikuwa wapi.

Nikamfuata binti kihambani. "Mama, vidole vyako havina kosa. Vimezoea nafasi ndogo niliyokupimia mimi."

Akaniangalia sana. "Kwa hiyo sikusahau kupiga?"

"Hukusahau."

Akakaa chini akalia, na mimi nikamwacha alie.

Ninyi wanajumuiya mkasikia, mkaleta mikungu ya ndizi mshare sokoni tukauza ili tuongezee hela ya kinanda kingine. Safari hii tukashuka naye. Mwenye duka akasema kile kidogo hakirudi. Binti akamjibu. Akamwuliza kile kikubwa kimekaa hapo tangu lini, na mbona kitufe kimoja kimezama, na nani mwingine atakinunua. Wakabishana, sauti yake inafika barabarani. Mimi nikatoka nje nikaegemea ukuta, nasikiliza. Sikutaka wamalize upesi.

Akatoka na kile kikubwa kichwani. Ndicho mnachosikia mkipita kwangu jioni, na Jumapili mnamwona kanisani anapopiga.

Nawashukuru kwa zile ndizi. Namshukuru mwalimu, na yule mama wa kuku, maana alikuja mwenyewe nyumbani akamwomba radhi. Aika sana, asanteni. Somo langu ni dogo, nimelitafuta kwa shida: ukimnunulia mtu kitu cha mikono yake, mchukue aende na mikono yake. Usimbebee kipimo. Mimi vinanda bado sivielewi, lakini akipiga sasa naweza kumwuliza kibao hiki kinaitwaje, naye ananijibu.