Anselmi Kobelo na Nyumba za Dada Zake

Mjomba wetu, Mzee Anselmi Kobelo, alizaliwa Kinole tarehe 4 Agosti 1921. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaacha ili dada zake wadogo, Anastasia na Felista, nao wasome.

Mwaka 1946 alikuwa utingo wa malori yaliyoshusha machungwa Morogoro mjini. Aliwaona madereva wakilala chini ya magari, matopeni. Mwaka 1957 akafungua nyumba ya wageni ya vitanda sita karibu na stesheni, akaiita Pumzika. Anastasia alipoolewa Ngerengere, mwaka 1962, akamjengea ya pili; Felista, mama yangu, alipohamia Dumila, mwaka 1968, akamjengea ya tatu. Hakufuata ramani, aliwafuata dada zake. Zote alizipa jina moja na milango ya buluu, ili msafiri azitambue.

Dereva Stambuli alizoea kuita kutoka barabarani, “Mama Felista, kitanda changu kimefika kabla yangu?”

“Kimefika, baba. Kinakungoja unawe miguu!”

Mjomba alifunga ndoa na Eva tarehe 14 Januari 1950. Walijaliwa watoto wanne.

Mei 1972 alikuja ofisa mmoja. “Milango ya buluu, jina moja,” alisema. “Bepari ni mmoja.”

“Ndugu, mbili ni za dada zangu. Mimi nilijenga tu.”

“Mwanamume gani humjengea dada yake?”

Mwanamume yeyote wa Kiluguru! Ukoo wetu ni wa mama. Mtoto yeyote wa Kinole angemweleza, laiti angeuliza. Nyumba zote tatu zilichukuliwa, na jaladani mjomba akaandikwa mnyonyaji. Azimio lilikataza unyonyaji. Halikumkataza kaka kumsitiri dada. Aliandika barua tano kuomba neno hilo lifutwe. Hakujibiwa hata moja.

Mwaka 1976 alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 11 Februari 1978, jina lake likiwa bado chafu.

Jana kiongozi mmoja alituomba turuke habari za nyumba, “tusiharibu msiba.” Kilichoharibu ni jalada lile, si sisi. Tumesoma yote, naye yupo hapa, anasikia.

Ameacha mjane, Mama Eva; watoto wanne; wajukuu tisa; na dada wawili: Anastasia, mwenye nyumba ya Ngerengere, na Felista, mwenye nyumba ya Dumila.

Mungu ampe amani katika ardhi ya mama yake, ambako hakuna ofisa atakayembandika jina.