Mama Mafuta na Lebo Aliyokataa Kuisaini

Tarehe 30 Juni mpimaji wetu wa maabara anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusaga minofu ya perege wa mabwawa yetu na kuikamua mafuta. Sote tunamwita Mama Mafuta. Wakurugenzi watatu waliopita hapa walimwita majina mengine, ambayo jarida la wafanyakazi haliwezi kuyachapa.

Alianzia kwenye iliyokuwa stoo ya nyavu, na mizani moja na kiti chenye mguu mbovu. Kiti hicho amekikalia hadi juzi. Viti vipya vilinunuliwa, vikapelekwa chumba cha mikutano, ambako hakuna anayefanya kazi.

Tulipoacha kuwalisha samaki dagaa wa kusaga tukahamia pumba na mafuta ya mawese, samaki walinona na ofisi ya masoko ikashangilia. Yeye akapima. Akaonyesha kwamba omega-3, yale mafuta yanayofanya watu wasifie samaki, yamepungua zaidi ya nusu, na nafasi yake imeshikwa na mafuta ya kwenye chakula chetu cha bei poa. Mkuu wa masoko, aliyewajua samaki wakiwa sahanini tu, alijibu kikaoni kwamba mafuta yaliyomo ndani ya samaki ni mafuta ya samaki. Mama Mafuta akamuuliza kama funguo zilizomo mfukoni mwake ni funguo za suruali.

Lebo ilikuwa tayari imechapwa: "Utajiri wa omega-3". Ilibaki saini ya mpimaji. Alitazama karatasi, akarudishia kalamu kifuniko chake, akatoka. Wiki iliyofuata akahamishiwa ghala la chakula cha samaki, miaka minne, eti akapate uzoefu.

Lebo ilipata saini kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa yangu. Nilikuwa msaidizi wake na nilitaka cheo, na cheo hicho ndicho kinachoniruhusu leo kuandika wasifu huu. Naona aibu, na ni haki yangu kuiona.

Kule ghalani hakununa. Aliomba bwawa moja bovu, akawalisha samaki wake dagaa na mafuta ya mbegu za kitani kwa wiki nane za mwisho kabla ya kuvuliwa. Omega-3 ikapanda. Wakubwa wakaugundua utaratibu huo upya, wakaupa jina la kamati yao.

Mwezi uliopita lebo ya zamani ilibanduliwa. Mpya imesainiwa naye, akiwa amesharudishwa maabara, baada ya kupima mara tatu.

Juzi alinikabidhi maabara, kile kiti, na kalamu ile ile. Alisema tu kwamba kifuniko chake bado kinafunga vizuri.

Asante, Mama. Nenda ukaishi kwa raha, ule samaki ambao unajua walilishwa nini. Wa kwetu nitakuletea mwenyewe, na vipimo vyake.