Mizunguko Saba ya Kauchu

Kahawa yangu ninaiuzia kwenye kona ya barabara ya Kibombo, hapa Kindu, na benchi langu liko na wenyewe. Iko Papa Okito, tunamuita Phonie, sababu wakati wa vita alikuwa na redio ya phonie, watu wanakuja kusema na ndugu zao wa Kampene. Iko Édouard, tunamuita Ministre, muntu asiyewahi kupewa hata ufunguo wa ofisi. Na asubuhi hii iko Masudi, motard, anabeba watu na pikipiki. Mwezi jana alianguka, telefone sikioni, akamvunja mkono mteja wake Emerance. Leo njo anarudi barabarani. Telefone ameitia ndani ya soksi, anaifunga chini ya kiti cha pikipiki na kauchu ya tairi.

— Mizunguko saba yote? Ministre akauliza.

— Saba. Akiniita muntu, nisimame, nishuke, nifungue.

— Kazi bure! Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Motard anaendesha na macho, sikio iko libre, haina kazi!

— Mkono wa Emerance ulivunjwa na nini, basi? Masudi akauliza.

— Réseau! Antenne ya telefone ilivuta pikipiki. Ulianguka upande gani?

— Kushoto.

— Na antenne iko wapi?

— Kulia, nikamjibu mimi.

— Basi iliisukuma! Serikali iweke muntu wa tatu nyuma, kazi yake kusema allô.

Phonie akaweka kikombe chini, amekasirika kweli.

— Wakati wa vita muntu alingoja siku mbili kwangu kusikia sauti ya mutoto wake. Tuliweka saa, saa ikifika wanasema. Kungoja hakukuua muntu.

— Risasi iliwaua, papa, Ministre akasema.

— Ehe! Waliopona risasi, leo tuwamalize na allô?

Ministre akaanza kuhesabu mizunguko ya kauchu.

Masudi alikuwa kwenye muzunguko wa saba Emerance alipofika, mkono ungali kwenye plasta. Anaenda Kibombo kwa mama yake. Akavuta kauchu, akaona imekaza.

— Nitapanda. Lakini siku ile, Masudi, nani alikuwa anakuita?

Masudi akainama. Ministre akaangalia barabara. Mwezi muzima yule kijana alikuwa amenifichia siri yangu, na kila asubuhi anakunywa kahawa yangu. Haya ikanishika.

— Ni miye, nikasema. Sukari iliniishia. Nilimuita mara tatu aniletee. Ya tatu akajibu.

Heri Emerance angenitukana. Aliokota kipande cha kauchu kilichobaki, akaninyoshea.

— Na ya kwako, mama. Mpaka tufike.

Nikaifunga telefone yangu mbele yao wote, saba, Phonie akinishikia ncha na kidole. Pikipiki ikaondoka polepole, mikono miwili ya Masudi imeshika guidon.

— Mama, Ministre akaita, kahawa hii haina sukari. Muite Masudi na telefone, atuletee...

— Imeisha, nikamwambia. Kunywa hivyo hivyo.