Mke Asiyekuwemo Kwenye Gemu

Kabla sijafungua mdomo, sema haki ya Mungu neno hili hulipeleki popote. Aaa, si hivyo, umefumba jicho moja! Sema ukiniangalia usoni. Haya. Vuta kigoda usogee, na ukicheka chekea kwenye khanga, maana nyumba ya Mzee Mazengo ni hiyo hapo, ukipiga chafya wanakwambia pole.

Unakijua kile kijiwe cha hapa Mwankoko, ubavuni mwa banda la Selemani? Kwingine wanaita kijiwe kwa jina tu, hata kokoto hakuna. Sisi Singida jiwe lipo, kubwa kama trekta, na benchi limeegemezwa hapo. Banda la Selemani upande mmoja anaonyesha picha za sinema, upande wa pili kaweka luninga mbili za gemu. Abdulrazaki anazunguka na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Wakaaji wa benchi ndio hao hao. Mzee Mazengo, wanamwita Dereva, kaendesha treni miaka thelathini na moja wakikaa Itigi, akastaafu, wakahamia huku kwa ndugu wa mkewe. Zefania, wanamwita Sauti, ndiye anayetafsiri picha: picha inaongea Kizungu, yeye kashika maikrofoni anaongea Kiswahili juu yake. Na Bonifasi muuza vitunguu, wanamwita Bunge, maana hoja zake hazina mwisho.

Sasa Dereva baada ya kustaafu alipata maradhi. Maradhi ya gemu! Mzee mzima na mvi zake kashika pedi ya kubonyezea! Linaitwa Reli ya Chumvi. Ndani mna dereva mzee, kofia imemfunika nusu ya uso, hasemi neno, anavusha treni kwenye jangwa la chumvi, stesheni mia moja. Hao wacheza gemu wamempa jina Mzee Kofia. Mazengo akishakula mchana huyo, kiti cha kwa Selemani, mpaka jua linazama. Mkewe Belinda, mama Eliana, anapiga alizeti peke yake, kiuno kinamlalamikia, yeye anamlalamikia nani?

Wiki ile Belinda akasikia gemu limetengenezewa picha, na Selemani ataionyesha. Akamwambia mumewe: “Jumamosi nakuja kuiona. Nikiona ni kitu cha mtu mzima, nakuachia. Nikiona ni upuuzi, Jumatatu tunaondoka wote kwenda Sepuka shambani, na kile kiti akikalie mwingine.” Mazengo alifurahi, we! Akajua mkewe sasa atamwona Mzee Kofia, na akimwona Mzee Kofia kamwona yeye.

Jumamosi saa kumi picha ikaisha. Belinda akatoka bandani wa mwisho, akawapita pale benchini bila kugeuka, akaelekea mashineni kuchukua unga wake. Neno alilosema ni moja tu: “Nakuja.” Mazengo akabaki na kikombe mkononi.

— Mmemsikia alivyosema? akauliza. Ile siyo nakuja ya kawaida.

— Nakuja ni nakuja tu, mzee, Abdulrazaki akamwambia. Kunywa, inapoa.

— Wewe hujaoa. Nyamaza umimine kahawa.

— Kwani kosa letu? Bunge akadakia. Kosa la waliotengeneza picha! Mzee Kofia wamemuua dakika ya tano! Hata sijakaa vizuri, marehemu!

— Dakika ya tano! Mazengo akapiga paja. Stesheni mia nimemvusha mimi, wao wanamuua stesheni ya kwanza! Halafu wanatuletea kijana, kifua wazi. Dereva gani anaingia kwenye injini kifua wazi? Cheche zimchome chuchu!

— Na anaongea huyo, Sauti akasema. Koo langu limekauka. Kwenye gemu hasemi, kwenye picha hanyamazi.

— Halafu anashuka, treni inakwenda, anapigana na majambazi juu ya behewa, anarudi. Sasa niambieni, breki kashika nani? Kwenye gemu ukiachia breki sekunde tatu umekwisha!

— Ndiyo maana wahenga wakasema, Bunge akainua kidole, mchagua jembe si mkulima. Hawa wamechagua dereva.

— Hiyo haiingii hapo.

— Inaingia. Isukume kidogo.

Wakacheka, ila Mazengo anacheka jicho liko barabarani.

— Mimi nawaambia, Sauti akasema, mwenye picha gemu hajaligusa. Kasimuliwa. Na aliyemsimulia kasimuliwa. Ni kama ng'ombe aliyepotea Misigiri, habari ikifika hapa mjini keshakuwa mbuzi mwenye mapacha.

— Aaa, hapana, Bunge akakataa. Mzee wa kuigiza walimtafuta, wakampata. Wakamwambia panda juu ya bomba la moshi. Goti likagoma! Watafanyaje? Wakamuua, wakatafuta mwenye magoti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa hapo mkuu nani?

— Goti.

Abdulrazaki naye, ambaye kazi yake ni kumimina kahawa, akaona asipitwe.

— Mie nadhani wa gemu na wa picha ni wale wale. Wanaharibu picha makusudi, ili ukitoka pale una hasira, unakwenda moja kwa moja upande wa pili kucheza gemu. Leo Selemani kajaza viti vyote, hamjaona?

— Huyu kijana ana akili, Bunge akasema, lakini hajafika mwisho wa akili. Nisikilizeni. Stering, yule mkuu wa picha, hafi! Tangu tuanze kuangalia picha, stering aliwahi kufa? Basi Mzee Kofia hakufa. Yule kijana ndiye yeye! Treni ilikuwa inarudi nyuma, kila stesheni anapungua mwaka!

Mazengo akaweka kikombe chini. Nakwambia kidogo aamini. Maskini, roho inataka.

— Stesheni mia, akahesabu, si angemaliza kichanga?

— Ehee! Ndiyo maana wakaongeza mwanamke! Nani atamnyonyesha?

Jamani! Abdulrazaki kashata zilimwagika. Sauti kalala juu ya jiwe anashika tumbo. Hata mie nilipoambiwa nililia machozi. Lakini neno mwanamke lilipotajwa, Mazengo akaacha kucheka. Hapo ndipo palipokuwa na jipu.

— Tusicheze na huyo mwanamke, akasema. Huyo ndiye ataniponza.

Maana kwenye gemu mwanamke hamna. Hata mmoja. Kwenye picha wamempa dereva mke, kakaa kwenye dirisha la nyumba ya stesheni, na mwisho wa picha kasimama pale pale anamngoja.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bunge akasema. Hawa wamejenga mke.

— Mzee, ondoa wasiwasi, Sauti akasema. Si ulikuja Ijumaa ukaniambia, Zefania mwanangu, nasikia wameweka mke, mama Eliana akimwona ataniuliza mbona kwenye gemu hayumo, mfanye kitu? Nimemfanya kitu.

— Nilikuwa mbele, maikrofoni yako ilikuwa inakwaruza. Ulimfanyaje?

— Nimemgeuza mkaguzi wa tiketi.

Abdulrazaki akasimama na birika lake.

— Mkaguzi?

— Mkaguzi! Yule mwanamke anamwambia mumewe kwa Kizungu, rudi salama mume wangu. Mimi nikasema: tiketi yako iko wapi? Anampa chakula kwenye kitambaa. Nikasema: mzigo huu umezidi kilo. Analia. Nikasema: vumbi la chumvi limemwingia mkaguzi machoni.

— Na mwisho je? Mazengo akauliza. Mwisho walikumbatiana.

— Nikasema anampekua.

Wee! Bunge akampa mkono Sauti, akampa na wa pili. Mazengo mwenyewe akavuta pumzi ndefu, akanywa kahawa yote mara moja, akaomba nyingine. Akasema moyoni, nimepona. Kiti changu nimekipata.

Hajaipokea hiyo ya pili, Belinda huyo, katokea kwenye kona, kiroba cha unga kichwani, anatembea taratibu kama mtu aliyekuwa anawaza njia nzima.

— Shikamoo mama, Sauti na Abdulrazaki wakasema pamoja.

— Marahaba wanangu. Baba Eliana, Bonifasi, mmeshindaje?

— Salama, Bunge akajibu peke yake.

Belinda akatua unga chini, ubavuni mwa jiwe, akajifuta uso.

— Picha nimeiona. Nzuri.

Mazengo akaanza kutabasamu.

— Tena nimempenda yule mkaguzi wa tiketi.

Sauti akakohoa, kashata ikapita njia siyo.

— Mkaguzi anayemfunga dereva vifungo vya shati. Mkaguzi anayeamka kabla ya jogoo kumfungia chakula. Mie nimekaa Itigi stesheni miaka yote ile, nawajua wakaguzi wote kwa majina, huyo sijapata kumwona. Zefania mwanangu, huyo alikuwa wa zamu gani?

— Mama... ile... kwenye gemu hayumo, mama.

— Hayumo?

— Hayumo kabisa, mama Eliana! Bunge akaokoa jahazi, kumbe ndiyo analitoboa. Wamemwongeza tu! Ndicho tunacholalamikia hapa tangu saa kumi. Wameharibu gemu la watu!

— Aa. Na dereva yumo?

— Yumo, Mazengo akasema. Kwa kunong'ona.

— Anasafiri sana?

— Stesheni mia.

— Anakula?

— Anakula bwana! Hapo Mazengo akachangamka, maana gemu analijua kuliko kiganja chake. Kila stesheni kumi njaa inamkamata, mkono unakuwa mzito, treni inapunguza mwendo. Unabonyeza kitufe cha pembetatu. Chakula kinatokea.

— Kinatokea.

— Kinatokea hapo hapo pembeni ya kiti. Kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Cha moto!

Belinda akamtazama mumewe. Wala hakukasirika, alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha stesheni asiyojua kama ndiyo ya kushukia.

— Nani kakifunga?

Bunge akafungua mdomo, hoja zile zisizo na mwisho zikagoma kuanza. Akafunga. Sauti akaangalia vidole vyake. Abdulrazaki kamimina kahawa mpaka ikafurika kikombeni, ikamchoma, hakusema hata aah. Na Mazengo akawa anatafuta kichwani. Idadi ya nguzo za daraja la tatu anaijua. Mlima gani breki inateleza anaujua. Kile kitambaa anakijua mpaka kona iliyochanika. Aliyekifunga, hajawahi kuuliza. Akaenda nyuma zaidi ya gemu, akafika kule Itigi, kwenye injini yenyewe ya kweli, alfajiri, anapanda, anakaa, anageuza kichwa, chakula kipo. Kule nako kilikuwa kinatokea tu.

— Mama Eliana, akasema.

Belinda akainama kuchukua unga. Mazengo akawahi, akakibeba yeye kile kiroba, akakiweka begani vibaya, unga ukamwagikia shingoni.

— Gemu lako cheza, Belinda akamwambia. Ni kitu cha mtu mzima, nimekubali, kina reli, kina kazi, kina jasho. Kiti chako kikalie. Ila kwangu pale, kuanzia leo, pembetatu imeharibika.

Akatangulia. Mzee akafuata na unga wake begani, na nyuma benchi zima likawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea konani.

Usiniulize nani kaniambia. Haya, umeuliza. Mazengo mwenyewe! Jumatatu mchana, kasimama hapo mlangoni, sufuria mkono huu, mwiko mkono huu, unga mpaka kwenye nyusi, ananiuliza: “Dada, ugali wa uwele ukishafanya mabuje, unauokoaje?”