Kuramochi Tokuji na Bega la Kushoto la Tsuyomaru

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bwana Kuramochi Tokuji alistaafu baada ya kuitumikia Idara ya Ukaguzi wa Vichezeo kwa miaka arobaini na miwili. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari zake kwa sababu meza yangu na yake zimetazamana kwa miaka kumi na tisa, akanisihi niweke mazuri tu. Mazuri yapo na nitayaweka. Lakini mtu aliyesikiliza mwenzake akivuta hewa kati ya meno kwa muda wote huo ana haki ya kusema na mengine.

Bwana Kuramochi alizaliwa hapa hapa Katsushika, mitaa miwili kutoka kiwandani, kwa baba aliyekuwa akitengeneza vigari vya bati. Aliajiriwa akiwa kijana, akaanzia ghala, na roboti za kugeuka gari zilipoingia sokoni akakabidhiwa yeye. Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi. Unaletewa sampuli, unaigeuza kutoka gari kuwa roboti, kisha kutoka roboti kuwa gari, halafu unasema kama inafaa kuuzwa. Bila muhuri wake hakuna kilichoingia kiwandani, na muhuri huo alikuwa mchoyo nao kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Namna yake ya kukagua ilikuwa ya kuudhi. Kwanza karatasi ya maelekezo aliitupa kwenye droo bila kuisoma, kwa madai kwamba mtoto hasomi, mtoto anavuta mguu. Kisha alivaa glovu nene za pamba, zile za mafundi wa barabara, eti ndipo vidole vyake vilingane na vya mtoto wa miaka mitano. Upuuzi mtupu. Nina mpwa wa umri huo, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vya Bwana Kuramochi hata akiwa ameshika mkate wa jamu. Baada ya hapo alivuta hewa kati ya meno, ssss, na mbunifu aliyekuwa anasubiri akaanza kukunja michoro yake.

Hukumu zake zinakumbukwa hadi jikoni. Kuhusu gari la wagonjwa lililoletwa mwaka ule wa mafuriko, alisema hiyo si roboti, ni gari lililopata ajali likasimama wima. Kuhusu treni ya mwendo kasi, alisema jamaa amebeba behewa zima mgongoni kama mtu anayehama nyumba usiku kukwepa kodi. Milango ya gari ikining'inia mabegani mwa roboti alikuwa anauliza kama huyo bwana ameosha nguo zake na anazianika. Haya aliyasema mbele ya wabunifu wenyewe, watu wazima wenye watoto.

Si ajabu kwamba kwenye karamu za kufunga mwaka kiti kilicho karibu naye kilibaki wazi hadi mchelewaji wa mwisho alipofika. Mimi mwenyewe nilikula chakula cha mchana kwa kujificha, kwa sababu siku moja alitazama kopo langu la wali na plamu ya chumvi, akalifungua na kulifunga, akaniambia mfuniko umelegea upande mmoja. Ulikuwa umelegea kweli. Nilimchukia wiki nzima.

Mafanikio yake ni gari la zimamoto. Alilirudisha mara nyingi kiasi kwamba mbunifu wake, Bwana Hamasaki, aliomba uhamisho kwenda idara ya wanasesere, na anasema huko ana amani. Gari lile linauzwa hadi leo, na baba waliolichezea wakiwa wadogo wanawanunulia watoto wao. Mafanikio mengine sikumbuki, maana kazi ya mtu huyu ilikuwa kuzuia, na kilichozuiwa hakionekani dukani.

Sasa nifike kwa Tsuyomaru, roboti inayogeuka lori la taka. Imebuniwa na Bwana Igarashi, mkuu wa idara yetu, naye alitaka iwe madukani kabla ya Siku ya Watoto mwezi wa tano. Kutoka lori kuwa roboti, inapendeza. Taabu iko kwenye kurudi: mkono wa kushoto unapaswa kulazimishwa kupita chini ya pipa la lori, na ukilazimishwa mara nyingi bega linatoa mstari mweupe kwenye plastiki. Mstari huo ukishatokea, mkono una siku chache.

Bwana Igarashi alikuwa na jibu lake. Alisema wanunuzi wa siku hizi ni wanaume wa miaka arobaini, wanaigeuza mara moja, kisha wanaiweka kabatini nyuma ya kioo. Bwana Kuramochi akamshauri awauzie sanamu.

Kwa desturi yetu, kikao hakiamui kitu. Mambo huzungumzwa kwanza na kila mtu, meza kwa meza, hadi ikifika siku yenyewe kila kichwa kinaitika. Bwana Igarashi alizunguka jengo zima na wote tukaitika. Kwa Bwana Kuramochi alifika na kitu mkononi: nafasi ya mshauri, siku mbili kwa wiki, baada ya kustaafu. Hakusema kwamba nafasi hiyo inategemea muhuri. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Na nafasi hiyo mzee aliihitaji sana. Mkewe, mama Shizue, hakuficha anavyowaza. Mwaka mpya nilipokwenda kuwasalimu, alinimiminia chai ya shayiri, akasema mbele ya mumewe: "Dada Odagiri, huyu akikaa nyumbani siku saba kwa wiki, mimi ndiye nitakayewapigia simu watu wa taka waje wamchukue pamoja na makabati mabovu." Mzee alitazama chai yake. Hata mimi nilimwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma.

Hafla ya kuagana ilifanyika ukumbini. Mama Shizue alikaa mstari wa mbele, jirani na mkurugenzi. Katikati ya hotuba, Bwana Igarashi akamleta Tsuyomaru juu ya mto wa hariri, akaweka muhuri kando yake, akamwomba mstaafu akague kwa mara ya mwisho mbele yetu sote. Alidhani mtu wa hapa hawezi kukataa jukwaani mbele ya mkewe na mkurugenzi. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Bwana Kuramochi akatoa glovu mfukoni mwa suti. Akaligeuza lori likawa roboti, tukapiga makofi. Akairudisha kuwa lori. Akaigeuza tena, akairudisha tena, na tena, bila haraka, mpaka makofi yakaisha na ukumbi ukabaki na mlio wa plastiki tu.

"Mzee, imetosha," alisema Bwana Igarashi akitabasamu kwa shida. "Watu wameona."

"Mtoto haambiwi imetosha," alijibu, na mkono ukakatika. Ulibingirika hadi chini ya kiti cha mkurugenzi.

Bwana Kuramochi akasogelea kipaza sauti, akasema, "Haijafaulu," akainama kwa heshima zote. Hakuna aliyejua pa kutazama. Mama Shizue ndiye aliyesimama, akapanda jukwaani, akachukua shada la maua ambalo hakuna aliyethubutu kumpa mumewe.

"Baba," alisema, "vua hizo glovu, twende nyumbani."

Habari ya mshauri haijatajwa tena. Meza iliyo mbele yangu ni tupu, na ukimya wake unaniudhi kuliko ile ssss. Nimemkumbuka, bora niseme wazi.

Jumatatu Tsuyomaru aliletwa kwangu, maana ukaguzi sasa ni wangu. Amepakwa rangi mpya ya kijani, bega ni lile lile. Nimeambiwa kila mtu ameshakubali na kikao ni Ijumaa. Basi na mimi nimefuata desturi: nimezunguka kabla ya kikao kwa makala haya, maana jarida hili linafika kila meza, ya Bwana Igarashi ikiwemo. Muhuri wangu uko kwenye droo, glovu ninazo, na mstari mweupe umeshaanza kutokea.

Bwana Kuramochi, tunakushukuru, ingawa hukurahisisha. Upate mapumziko mema na afya njema, na usiguse mifuniko ya vyombo vya mama Shizue.

Odagiri Mitsuyo,
Idara ya Ukaguzi